Aliyeona kosa kwenye fomu aliseme siku hiyohiyo

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka mwezi Julai, nchi huingia katika msimu wa fomu. Vijana wanaomba vyuo, wanaomba mkopo, wanapakia vyeti, wanabonyeza kitufe cha kutuma, kisha wanakaa kusubiri. Katika kusubiri huko, wengi hugundua jambo linalowanyima usingizi: kuna kitu wamekosea. Namba ya mtihani imepungukiwa tarakimu. Tarehe ya kuzaliwa siyo iliyo kwenye cheti. Jina la baba limeandikwa vingine. Kazi ya mama imejazwa isiyo yake.

Tahariri hii inamhusu kijana huyo, na inazihusu ofisi zitakazompokea. Msimamo wetu ni kwamba aliyetia saini fomu ndiye mwenye wajibu wa kwanza wa kuisahihisha, na wajibu huo unaanza siku alipoliona kosa, hata kama kosa lenyewe linampendelea. Na ofisi iliyopokea fomu ina wajibu wa kuwa na mlango wa masahihisho unaojulikana, wenye mtu wa kujibu. Pande zote mbili zimekuwa zikiukwepa wajibu huo kwa miaka mingi, kila upande ukiutumia uzembe wa mwenzake kama kisingizio.

Mitaani kuna ushauri unaozunguka kila msimu: nyamaza, mfumo hautagundua. Ukienda kujisema, watakufuta. Ushauri huu hutolewa kwa nia njema na ndugu, na marafiki waliotangulia, hata na walimu. Ni ushauri mbaya, na tunataka kueleza kwa nini, kwa sababu kijana anayeusikiliza huwa hajui fomu yake inapita wapi baada ya kuituma.

Udahili wetu wote umeshonwa kwa uzi mmoja, nao ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Inaanza na herufi: S kwa mtahiniwa wa shule, P kwa mtahiniwa wa kujitegemea. Inafuata namba ya shule au kituo, kisha namba ya mtahiniwa, kisha mwaka. Kwa namba hiyo chuo huvuta matokeo ya mwombaji kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania. Kwa namba hiyohiyo Tume ya Vyuo Vikuu huhakiki orodha za waliochaguliwa kabla vyuo havijazitangaza. Na ni namba hiyohiyo ambayo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huitumia kumlinganisha mwombaji wake na mwanafunzi aliyepata chuo. Ukikosea tarakimu moja, mfumo hautakuonea huruma wala kukisia ulichokusudia. Utasema hakuna mtu kama huyo, au utaleta matokeo ya mtu mwingine kabisa, uliyesoma naye au usiyemjua.

Wanaoumia zaidi hapa ni waliorisiti. Kijana alifanya mtihani wa kidato cha nne shuleni, masomo mawili yakamwangusha, mwaka uliofuata akayarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sasa ana namba mbili, moja ya S na nyingine ya P. Anapoomba chuo anatumia ile mpya kwa sababu ndiyo iliyomwokoa. Anapoomba mkopo, wiki tatu baadaye, kwenye kompyuta nyingine na kwa msaada wa mtu mwingine, anaandika ile ya zamani kwa sababu ndiyo anayoikumbuka kwa moyo. Fomu zote mbili zinapita. Hakuna taa nyekundu inayowaka. Anachaguliwa, anasafiri usiku kucha, anafika chuoni na begi lake, na siku orodha ya mikopo inapotoka jina lake halimo. Kwa Bodi, mwombaji yupo lakini hana chuo. Kwa chuo, mwanafunzi yupo lakini hakuomba mkopo. Hakuna aliyemnyima, ofisi mbili zinamtafuta mtu mmoja kwa namba mbili.

Kijana huyo mara nyingi alikuwa na siku nyingi za kulirekebisha jambo hilo. Fomu zenyewe huwa na nafasi ya kutaja namba ya mtihani wa pili. Maelekezo ya kila mwaka hurudia kwamba namba ya kuombea mkopo iwe ileile ya kuombea chuo. Aliliona kosa, akaambiwa anyamaze, akanyamaza. Tunalisema hili bila kupunguza makali: kunyamaza huko ndiko kulikomgharimu muhula wa kwanza, na huenda mwaka mzima.

Zamani kidogo, hatari ilikuwa ndogo kuliko sasa. Kati ya mwaka 2010 na 2017 maombi ya shahada ya kwanza yalipitia mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja kwa kila chuo anachokitaka. Uamuzi ule uliwarudishia vyuo madaraka yao na waombaji uhuru wao, nasi hatuupingi. Lakini mtu mmoja sasa anajaza fomu tatu au nne, na kosa lililotokea katika fomu ya kwanza hunakiliwa katika zilizobaki. Anayesahihisha lazima asahihishe kote. Wapo wanaorekebisha chuo kimoja, wanachokipenda, na kuacha vingine vikibaki na taarifa ya zamani; kisha awamu ya kwanza ya udahili inatoka, na chuo kilichowachagua ni kile walichokiacha.

Na tuzungumzie steshenari. Sehemu kubwa ya vijana wetu hawajazi fomu wenyewe. Wanakwenda kwenye steshenari ya mjini au karibu na stendi, wanampa kijana wa pale vyeti na pesa, naye anajaza. Wengi wa vijana hao wa steshenari ni waaminifu na wamewasaidia watoto wa wakulima ambao hawakuwahi kugusa kompyuta. Lakini kuna desturi mbaya iliyozoeleka hadi haionekani tena: anayejaza anaweka namba yake ya simu na barua pepe yake, anatunga neno la siri analolijua yeye peke yake, na mwombaji anaondoka na karatasi iliyochapwa tu. Siku chuo kinapotuma ujumbe kwamba kuna upungufu, ujumbe unaingia kwenye simu ya steshenari. Siku aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja anapotumiwa namba ya siri ya kuthibitisha chuo kimoja, inaingia kwenye simu hiyohiyo, ambayo kwa wakati huo ina ujumbe wa watu wengine chungu nzima. Huyu mwombaji hana uwezo wa kusahihisha chochote hata akitaka. Ameshakabidhi funguo zake kwa mtu asiyemjua jina.

Anayejaza fomu za watu kwa malipo ana wajibu wa kukabidhi, kwa maandishi, neno la siri, barua pepe na namba ya ombi kabla mteja hajatoka mlangoni, na namba ya simu iwe ya mwombaji au ya mzazi wake. Mwombaji naye asitoke bila vitu hivyo. Asome fomu yote kwa macho yake kabla haijatumwa, mstari kwa mstari, hata foleni ikinung'unika nyuma yake.

Kuna kundi ambalo hali yake ni ngumu zaidi, na hapo lawama zetu zinahama. Mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria yaliporejeshwa mwaka 2013, vijana wanaohitimu kidato cha sita walianza tena kwenda makambini katikati ya mwaka, miezi ileile ambayo matokeo hutoka na madirisha ya maombi hufunguliwa. Kambini simu si jambo la kila siku. Anayejaza fomu ni kaka, shangazi au baba, akitumia vyeti vilivyoachwa kabatini na majibu aliyoyapata kwa simu ya dakika mbili. Kosa likitokea, mwenyewe atalijua akirudi, na dirisha linaweza kuwa limefungwa. Kijana aliyeko gwaride kwa amri ya sheria hawezi kuambiwa amechelewa kwa uzembe. Wizara inayohusika na elimu na uongozi wa Jeshi wakubaliane saa maalumu, kila kambi, za vijana kukagua maombi yao na kuyasahihisha.

Suala la majina lina historia ndefu kuliko fomu. Mtoto aliandikishwa darasa la kwanza na mwalimu aliyeandika alichokisikia: Rashidi akawa Rashid, Mwanajuma akawa Mwajuma, jina la babu likaachwa kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo. Jina hilo likaingia kwenye kumbukumbu za mtihani wa darasa la saba, likaenda kidato cha nne, likachapwa kwenye cheti. Cheti cha kuzaliwa kikaja kutafutwa miaka baadaye, haraka haraka, kwa sababu Bodi ya Mikopo inakitaka kikiwa kimehakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Mzazi akaandika jina kamili alilompa mwanawe, la kweli na la heshima, ambalo halifanani na lililo kwenye cheti cha shule.

Hapa hakuna aliyedanganya, na hakuna sababu ya kujificha. Vyuo vyetu vingi husajili kwa jina lililo kwenye vyeti vya sekondari, kwa hiyo fomu ya chuo ifuate vyeti hivyo hata kama nyumbani unaitwa vingine. Hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo inaeleza kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Haibadili cheti, na asikubali mtu kuuziwa kiapo kwa ahadi hiyo. Anayetaka kubadili jina kisheria anahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na hiyo ni safari nyingine isiyofaa kuanzwa wiki mbili kabla ya dirisha kufungwa. Lililo muhimu ni kwamba tofauti ya majina itajwe na mwombaji mwenyewe, mapema, pamoja na ushahidi wake. Ikigunduliwa na ofisi itaitwa jina jingine.

Sasa tufike penye uzito wote, yaani kosa linalompa mtu faida.

Kaka aliyejaza fomu ya mkopo ya dada yake aliandika kwamba mama ni mkulima. Mama ni muuguzi wa zahanati, analipwa mshahara wa serikali. Huenda kaka alikosea, huenda alidhani anasaidia. Fomu ilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ikagongwa muhuri bila kusomwa, ikaenda kwa wakili, ikagongwa tena. Binti akaiona nakala baada ya wiki mbili. Hadi hapo ni kosa la familia, na linasahihishika. Kuanzia hapo ni uamuzi wake. Akinyamaza, amechukua maneno ya kaka na kuyafanya yake, chini ya tamko alilolitia saini kwamba yote aliyoyaeleza ni kweli.

Bodi ya Mikopo iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005 ili kumkopesha mhitaji. Fungu lake lina mwisho kila mwaka. Anayepata zaidi ya anachostahili hapokei pesa zilizokuwa zimelala. Anapokea pesa za kijana mwingine, ambaye mama yake ni mkulima kweli, na ambaye Oktoba hii atabaki nyumbani akisubiri mwaka ujao. Huyo hana sura kwa binti wa muuguzi. Hawatakutana. Ndiyo maana kunyamaza kunakuwa rahisi, na ndiyo maana sisi tunakataa kukuita busara. Mwenyekiti wa mtaa aliyegonga muhuri bila kusoma naye ameshiriki kumnyima mtoto wa jirani yake, na anapaswa kuulizwa.

Wanaodhani karatasi husahaulika wakumbuke Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alipokabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti iliyowataja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wengi walikuwa kazini kwa miaka mingi, wana familia na mikopo ya nyumba. Hatumlinganishi kijana aliyekosea tarakimu na mtu aliyeghushi cheti. Kufanya hivyo kungekuwa dhuluma. Tunachosema ni kwamba kumbukumbu za Baraza, za chuo, za Bodi na za mwajiri huja kukutanishwa, wakati mwingine baada ya miaka kumi, na siku hiyo hakuna atakayeuliza kama ulikuwa na nia njema. Utaulizwa kama ulijua, na ulipojua ulifanya nini. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na hawakuwa wakizungumzia hospitali tu.

Tutofautishe pia kosa na majuto. Aliyeomba ualimu na sasa anatamani sheria hajakosea fomu, amebadili mawazo. Ana haki ya kufanya hivyo kupitia awamu inayofuata, au kwa utaratibu wa uhamisho ambao Tume huutangaza kwa tarehe zake. Asiende kwenye dawati la masahihisho kudai kwamba kidole kiliteleza. Kila ombi la namna hiyo linamchosha ofisa na kumfanya amtilie shaka anayefuata, ambaye namba yake kweli imekosewa.

Namna ya kusahihisha si fumbo. Kama dirisha bado liko wazi na mfumo unaruhusu kuhariri, ingia kwenye akaunti yako, rekebisha, tuma tena, chapa nakala mpya. Usifungue akaunti ya pili kwa jina lako. Hilo ni kosa juu ya kosa, na huzipa ofisi waombaji wawili wanaodai kuwa wewe. Kama mfumo umekufungia, andika barua ya ukurasa mmoja. Taja jina kama lilivyo kwenye cheti, namba ya mtihani na namba ya ombi. Eleza kilichoandikwa, kisha kilicho sahihi, na tarehe uliyoligundua. Ambatisha ushahidi. Usiweke hadithi ya maisha yako wala dua; ofisa anatafuta tarakimu. Peleka kwa barua pepe ya ofisi ya udahili na, ukiweza, kwa mkono, ukiwa na nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yako. Nakala hiyo ihifadhi hadi siku ya kuhitimu. Fanya hivyo kila mahali kosa lilipofika: vyuo vyote ulivyoomba, na Bodi.

Ofisi za udahili nazo zisikilize. Kijana anayefuata maelekezo hayo leo anakutana na nini? Simu iliyotajwa kwenye tangazo haipokelewi. Barua pepe haijibiwi. Akisafiri hadi getini anaambiwa aje kesho, na kesho anaambiwa mfumo umefungwa. Hilo siyo jibu. Mfumo haujifungi, umefungwa na mtu kwa sababu ya tarehe, na palipo na ushahidi wa cheti mtu huyo ana uwezo wa kuufungua na wajibu wa kueleza kwa maandishi anapokataa. Bodi ya Mikopo imekwishaonyesha kwamba inawezekana: kwa misimu kadhaa imetangaza walio na mapungufu katika fomu zao na kuwapa siku za kurekebisha. Hatuoni sababu ya chuo chenye waombaji wachache kuliko wa Bodi kushindwa.

Na anayedai chai ili arekebishe herufi kwenye jina la mtoto wa watu anaomba rushwa. Wakuu wa vyuo wanajua madawati yanayosifika kwa tabia hiyo. Wanaosema hawajui, kutojua kwao ni kwa hiari.

Jambo moja tunalitaka liingie kwenye kanuni za kila chuo na za Bodi, kwa maneno yasiyo na utata: mwombaji aliyesema kosa lake mwenyewe kabla ya uhakiki asiadhibiwe kwa kulisema. Ombi lake lipimwe upya kwa taarifa sahihi, na kama kwa taarifa hizo hastahili, aambiwe hastahili, asiitwe mdanganyifu. Aliyekamatwa baada ya kunyamaza ashughulikiwe kwa ukali wa sheria. Ofisi inayowatendea wawili hawa sawasawa inawafundisha vijana kwamba kusema ukweli hakuna thamani, kisha inashangaa kwa nini hawasemi.

Kwa hiyo, kabla dirisha lijalo halijafunguliwa, ukurasa wa kwanza wa kila mfumo wa udahili uonyeshe mahali pa kusahihishia, ofisi inayohusika, tarehe ya mwisho na idadi ya siku ambazo mwombaji atajibiwa. Tume ya Vyuo Vikuu iweke sharti hilo katika mwongozo wake wa udahili na kuvikagua vyuo. Wakuu wa shule za sekondari nao, mtihani wa kidato cha sita unapomalizika mwezi Mei, wasimwachie kijana kupanda basi kwenda nyumbani au kambini kabla hajakabidhiwa karatasi yenye jina lake kama lilivyo kwenye vyeti, namba yake ya mtihani, au zote mbili kama alirisiti, na onyo kwamba namba atakayoombea chuo ndiyo atakayoombea mkopo.